ARDHI INAPOTITIA JUU YA MGODI: DAFTARI LA VIPIMO NI LA NANI?



Katika mikutano ya matawi, wenzetu wa viwandani na mashambani huuliza: habari za migodi zinatuhusu nini sisi? Sisi tunakata miwa, tunachuma chai, tunasimamia mashine. Hatushuki shimoni.

Jibu ni hili. Mgodi wa chini ya ardhi hauishii shimoni. Mgodi una dari, na juu ya dari hiyo kuna ardhi ambayo watu wanaitumia. Huko juu kuna kambi za wafanyakazi, shule, visima, barabara, mashamba na viwanda. Kinachoondolewa chini huacha nafasi, na nafasi hiyo inaweza kupanda hadi mlangoni kwa mtu ambaye hajawahi kuvaa kofia ya mgodi.

Hapa Zambia tunajua jambo hili kwa uchungu. Tarehe 25 Septemba 1970, katika mgodi wa shaba wa Mufulira, ardhi ilitumbukia chini ya bwawa la tope la mabaki ya kinu. Bwawa lilikuwa limejengwa juu ya sehemu iliyokwisha kuchimbwa. Karibu tani milioni moja za tope zilimiminika shimoni, na wenzetu 89 wa zamu ya usiku walikufa. Ile ilikuwa shaba, lakini sheria ya uzito ni moja kwa kila mgodi. Leo tutaieleza kwa upande wa makaa ya mawe, kwa sababu huko ndiko kutitia kwa ardhi kulikopimwa kwa muda mrefu zaidi, na ndiko tunakoweza kujifunza namna ya kupima na namna ya kudai.

MZIGO HAUPUNGUI, WABEBAJI NDIO WANAOPUNGUA

Makaa ya mawe hulala chini ya ardhi kwa matabaka, kama godoro lililobanwa kati ya miamba. Tabaka huwa na unene wa mita moja, mbili, tatu, pengine zaidi. Juu yake kuna mwamba, na mwamba ni mzito. Kipande cha mwamba chenye urefu wa mita moja, upana wa mita moja na kimo cha mita moja kina uzito wa karibu tani 2.5. Basi makaa yakiwa na kina cha mita 180, kila mita moja ya mraba ya makaa hubeba karibu tani 450.

Kuna njia mbili kubwa za kuchimba. Ya kwanza ni ya vyumba na nguzo. Wachimbaji hutoa makaa kwa vyumba, na kati ya vyumba huacha nguzo za makaa yenyewe ili zishike dari. Ukitoa nusu ya makaa, nusu iliyobaki hubeba uzito wote, yaani karibu tani 900 kwa kila mita ya mraba ya nguzo. Ukitoa robo tatu, robo iliyobaki hubeba tani 1,800. Kila mfanyakazi anaielewa hesabu hii. Kazi ya watu wanne akiachiwa mtu mmoja, mwisho wake ni mgongo kuvunjika.

Njia ya pili ni ya ukuta mrefu. Mashine hukata ukuta mzima wa makaa, wenye urefu wa mita mia moja na zaidi. Mihimili ya chuma hushika dari mahali wanaposimama watu, na mashine ikisogea mbele, mihimili nayo husogea. Nyuma yake dari huachwa ianguke. Hapa kutitia kwa ardhi hakuitwi ajali, maana kumo katika mpango tangu siku ya kwanza. Swali linalobaki ni ardhi itashuka kiasi gani, lini, na juu yake kuna nini.

COALBROOK, 1960

Mgodi wa makaa wa Coalbrook ulikuwa karibu na Sasolburg, Afrika Kusini. Ulichimbwa kwa vyumba na nguzo, kwenye kina cha karibu mita 180, na makaa yake yalilisha mitambo ya umeme. Umeme ulipohitajika zaidi, mgodi ulianza kukata makaa yaliyokuwa yameachwa darini. Hivyo vyumba vikawa virefu kwenda juu, na nguzo nazo zikawa ndefu bila kuongezwa unene.

Ndugu, chukua kigogo kifupi kinene ukikalie. Kisha chukua mti mwembamba wa kimo chako uujaribu kwa uzito uleule. Nguzo ni hivyo hivyo. Upana huiongezea nguvu, na kimo huipunguzia.

Tarehe 28 Desemba 1959 sehemu moja ya mgodi iliporomoka. Hilo lilikuwa onyo, lakini kazi iliendelea. Tarehe 21 Januari 1960, jioni, nguzo zilianza kuvunjika tena. Nguzo moja ikivunjika, mzigo wake huenda kwa jirani. Jirani akishindwa, mzigo wa wawili huenda kwa wa tatu. Mamia ya nguzo yaliporomoka namna hiyo. Zaidi ya watu 430 walifungiwa chini, na wengi wao walikuwa wageni waliokwenda kutafuta kazi kutoka Basutoland, ambayo leo ni Lesotho, na kutoka Msumbiji. Mashimo yalitobolewa kutoka juu ili kuwatafuta. Hakuna aliyejibu, na hakuna aliyetolewa. Miili yao imebaki chini ya ardhi ile.

Baada ya msiba huo ndipo Afrika Kusini ilipopima nguzo kwa hesabu ya uhakika. Mwaka 1967 wataalamu wawili, Salamon na Munro, walitoa matokeo yao. Walikuwa wamelinganisha sehemu 98 ambazo nguzo zake zilisimama na sehemu 27 ambazo nguzo zake ziliporomoka. Kutokana na hesabu yao migodi ikashika desturi ya kuacha nguzo zenye nguvu mara 1.6 ya mzigo wake. Hesabu hiyo imeokoa watu wengi. Lakini tuseme wazi kwamba ilipatikana baada ya makaburi. Onyo la Desemba lilikuwepo bila hesabu yoyote.

ARDHI HUSHUKA KWA NAMNA MBILI

Namna ya kwanza ni shimo la ghafla. Hutokea juu ya migodi isiyo na kina kirefu. Dari ya chumba huanguka kidogo kidogo, na nafasi tupu hupanda juu kama moshi. Mwamba ukivunjika huchukua nafasi kubwa kuliko ulivyokuwa mzima, kama jiwe moja likigongwa kuwa kokoto linavyojaza karai. Tuseme chumba kina kimo cha mita 3, na mwamba uliovunjika huongezeka kwa sehemu moja ya kumi. Nafasi itajazika baada ya dari kuanguka hadi mita 30 juu. Kama ardhi juu ya chumba ina unene mdogo kuliko huo, nafasi inaweza kufika juu kabla haijajaa. Asubuhi watu wanakuta shimo mahali palipokuwa na njia ya miguu. Jambo hili linaweza kutokea miaka 50 au zaidi baada ya mgodi kufungwa, wakati hata wazee waliouchimba hawapo tena.

Namna ya pili ni bonde pana. Hutokea hasa juu ya ukuta mrefu. Ardhi hushuka polepole kwa upana mkubwa, kama godoro linavyobonyea mtu akilalia katikati. Uingereza, ambako vipimo vilikusanywa kwa miaka mingi na Bodi ya Taifa ya Makaa, ilionekana kwamba ardhi inaweza kushuka hadi sehemu 9 kwa 10 za unene wa makaa yaliyotolewa. Tabaka la mita 2 likitolewa lote kwa upana wa kutosha, ardhi juu yake inaweza kushuka mita 1.8.

Tena bonde hilo ni pana kuliko mgodi wenyewe. Kwa vipimo vya huko, athari huvuka ukingo wa machimbo kwa karibu sehemu 7 kwa 10 za kina. Mgodi ukiwa na kina cha mita 300, nyumba iliyo mita 200 nje ya ukingo bado inaweza kuguswa. Basi mtu akikuambia, "Nyumba yako haiko juu ya mgodi," muulize kina cha mgodi ni mita ngapi, na nyumba iko mita ngapi kutoka ukingoni.

Katika bonde kama hilo, pembeni ardhi huvutwa na katikati hubanwa. Panapovutwa hufunguka nyufa na bomba la maji huchomoka. Panapobanwa sakafu huinuka, reli hupinda na milango hukataa kufunga. Kwa hiyo, ukiona nyufa ndefu zikifuatana kwa mstari uliopinda, ujue huenda unatazama ukingo wa kitu kilicho chini.

Jambo moja linawahusu sana watu wa viwandani na wa kambi za mashamba. Jengo refu huumia kuliko jengo fupi. Ardhi ikivutwa milimita 2 kwa kila mita, nyumba ya mita 10 huvutwa milimita 20, na kwa kipimo cha Waingereza hilo ni dhara dogo sana. Lakini safu ya nyumba za laini yenye urefu wa mita 60, ukuta mmoja toka mwanzo hadi mwisho, huvutwa milimita 120. Hapo dhara linaingia daraja la makubwa, kuta kupasuka na mihimili kutoka mahali pake. Ghala na viwanda navyo ni majengo marefu.

VIGINGI NA DAFTARI

Namna ya kupima si uganga. Kazi yenyewe ni ya subira.

Kwanza, mpima ardhi hupigilia vigingi vya chuma ardhini kwa mistari, mmoja kufuata mwendo wa machimbo na mwingine kuukata. Umbali kati ya kigingi na kigingi kwa desturi ni sehemu moja ya ishirini ya kina. Mgodi wa mita 200 una kigingi kila mita 10.

Pili, huwekwa alama ya msingi. Hii ni alama imara iliyo mbali, mahali ambapo mgodi hauwezi kufika. Vigingi vyote hulinganishwa nayo. Alama ya msingi ikiwekwa ndani ya eneo linalotitia, itashuka pamoja na vigingi, na daftari litasema hakuna kilichotokea huku kuta zinapasuka. Hapo ndipo pa kutazama kwanza mtu akikuletea vipimo vizuri mno.

Tatu, vigingi hupimwa kabla ya kuchimba. Bila kipimo cha kwanza hakuna cha kulinganisha. Kisha hupimwa tena na tena, mara nyingi zaidi wakati machimbo yanapopita chini yake, na kwa nafasi ndefu baadaye. Kwa darubini ya mpima ardhi na fimbo ya vipimo, mtu mwangalifu huona mshuko wa milimita chache. Kwa utepe wa chuma hupima kama umbali kati ya kigingi na kigingi umeongezeka au umepungua.

Siku hizi kuna msaada kutoka angani. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-1, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2014, hupita juu ya mahali palepale na kupiga picha za rada kwa nafasi ya siku chache, kwa desturi 12. Picha mbili zikilinganishwa huonyesha ardhi iliyoshuka hata kwa sentimita moja au chini ya hapo, na picha hizo hutolewa bure. Lakini majani mengi huisumbua rada, na shimo la ghafla halingojei siku 12. Setilaiti haifuti kazi ya kigingi, wala kigingi hakifuti kazi ya macho ya watu.

Tena, kigingi cha juu hakisemi yote. Katika mgodi wa nguzo, ardhi inaweza kutulia miaka mingi halafu ikashuka kwa mara moja. Huko dalili za kwanza ziko chini. Nguzo humeguka pembeni, sakafu huinuka, dari hushuka kidogo kidogo, na mwamba hulia. Anayeona na kusikia hayo ni mchimbaji. Kwa hiyo maneno ya mchimbaji nayo ni kipimo, na yanastahili kuandikwa katika daftari pamoja na vipimo vya mhandisi.

UFA NI BARUA, USOME KWANZA

Hapa kila mfanyakazi anaweza kufanya kazi bila darubini.

Ufa kwenye ukuta: piga mstari wa penseli mahali ufa unapoishia, na uandike tarehe. Ukivuka mstari, umekua. Pigilia misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, upime nafasi kati yake kwa rula ya chuma. Njia nyingine ni kupaka ukanda mwembamba wa plasta kukatisha ufa. Ukanda ukikatika, ukuta umesogea, na hakuna wa kubisha.

Ufa ardhini: pigilia nondo mbili fupi hadi zishike sawasawa, moja kila upande, mbali kidogo na kingo ili zisianguke. Pima nafasi kati yake kila juma, siku ileile. Andika upana, urefu wa ufa kwa hatua, na kama upande mmoja umeshuka kuliko mwingine. Andika pia mvua. Piga picha kwa simu na uweke rula kando ya ufa ili ukubwa uonekane.

Kwa nini mvua? Kwa sababu si kila ufa ni wa mgodi. Udongo mweusi wa mfinyanzi hukauka na kupasuka wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha hujifunga. Ufa unaofunguka na kufunga kwa majira huenda ni wa udongo tu. Ufa unaokua masika na kiangazi, au unaokatisha udongo, sakafu na ukuta kwa mstari mmoja, huo ni wa kuulizia haraka. Tusipotofautisha, tutapeleka malalamiko mabovu, na siku ya malalamiko ya kweli tutachekwa.

Wengine hukimbilia kuziba. Kuziba ni lazima, kwa kuwa ufa huingiza maji ya mvua mgodini na hewa kwenye makaa, na ng'ombe au mtoto anaweza kuvunjika mguu. Lakini pima kwanza, andika, kisha ndipo uzibe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Ukiziba kabla ya kupima, umefuta ushahidi wako mwenyewe.

Tena usiinamishe uso kwenye ufa, wala usiwashe kiberiti hapo. Kutoka chini huweza kuja hewa isiyo na oksijeni, au gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, au gesi inayolipuka.

MOTO CHINI YA MIGUU

Makaa ya mawe yana tabia moja mbaya. Yakipata hewa huanza kupata joto yenyewe, na yanaweza kuwaka bila mtu kuyawasha. Ufa wa juu ni kama bomba la kuvuta hewa kwenda chini. Moto ukishika, hula nguzo. Nguzo zikipungua, ardhi hushuka, nyufa huongezeka, hewa huingia zaidi, na moto huzidi. Huo ni mduara, na kuukata ni kazi ngumu na ya gharama kubwa.

Karibu na mji wa Witbank, Afrika Kusini, ambao tangu mwaka 2006 unaitwa Emalahleni, mgodi wa Transvaal and Delagoa Bay ulifungwa mwaka 1953. Miongo mingi baada ya kufungwa uliendelea kuungua chini kwa chini, ardhi ikitumbukia na moshi ukitoka kwenye nyufa, huku watu maskini wakijenga karibu. Kwa jirani zetu wa Zimbabwe, huko Hwange, watu wameunguzwa na moto wa makaa ulio chini ya ardhi, na mwaka 2021 mtoto wa kike alikufa kwa majeraha hayo. Hakuwa mfanyakazi wa mgodi. Alikuwa mtoto aliyekanyaga ardhi ya mtaani kwao.

Dalili za moto ni majani kukauka kwa ukanda wakati kwingine ni kijani, mvuke alfajiri, harufu ya lami au ya kiberiti, na ardhi kuwa ya moto chini ya viatu. Mwenye kuona hayo asiende kuchungulia. Azungushie kamba, azuie watoto, na apeleke habari siku hiyohiyo.

NANI ATOE USHAHIDI?

Sasa tufike kwenye kiini. Mtu mwenye nyumba iliyopasuka akienda ofisini huambiwa: "Thibitisha kwamba ni mgodi." Atathibitishaje? Ramani ya mgodi iko ofisini, daftari la vigingi liko ofisini, na mpima ardhi analipwa na ofisi. Yeye ana ufa peke yake.

Ujerumani walilitazama jambo hili kwa namna nyingine. Katika bonde la Ruhr makaa yalichimbwa kwa vizazi, na mahali pengine ardhi imeshuka zaidi ya mita 20. Mgodi wa mwisho wa huko ulifungwa Desemba 2018, lakini pampu za maji hazikuzimwa, na inajulikana kwamba zitahitajika daima, la sivyo sehemu za miji zitageuka maziwa. Sheria yao ya madini ya mwaka 1980 inasema kwamba nyumba ikiwa ndani ya eneo linaloguswa na mgodi wa chini, na dhara likiwa la namna inayoweza kuletwa na mgodi, basi huchukuliwa kuwa mgodi ndio uliolileta. Kazi ya kuthibitisha vinginevyo ni ya kampuni. Uingereza nayo ina sheria ya mwaka 1991 inayowataka wenye mgodi kutengeneza au kulipa madhara ya kutitia kwa ardhi.

Sheria hizo hazikuletwa na huruma ya wenye migodi. Wachimbaji na wenye nyumba walikuja na tarehe, vipimo na umoja. Na ndiyo maana tunasema daftari la vipimo ni chombo cha haki. Likifungiwa kabatini, linamlinda mwenye kabati. Likisomwa hadharani, linamlinda kila mtu, hata mhandisi mwaminifu aliyeandika ukweli ndani yake.

HAKI YA KUONDOKA

Kipimo kisichomwezesha mtu kuondoka mahali pa hatari ni wino tu. Tarehe 23 Aprili 2013, nyufa kubwa zilionekana katika jengo la Rana Plaza, nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh. Benki na maduka ya chini yalifungwa. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya juu waliamriwa kurudi kazini kesho yake asubuhi. Jengo likaanguka, na watu 1,134 walikufa. Pale hapakuwa na mgodi. Jengo lilikuwa limeongezewa ghorofa na kubebeshwa mashine. Lakini onyo liliandikwa ukutani, likaonekana kwa macho, na waliolipuuza hawakuwa wale waliokufa.

Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1995, unahusu usalama migodini. Zambia iliuridhia mwaka 1999, Afrika Kusini mwaka 2000, Zimbabwe mwaka 2003. Unampa mchimbaji haki ya kutoa taarifa ya hatari, kuomba ukaguzi, kupewa habari za hatari za mahali pake, kuchagua wawakilishi wa usalama, na kuondoka mahali anapoona kwa sababu ya haki kwamba pana hatari kubwa. Kwa sisi wa viwandani na mashambani upo Mkataba namba 155 wa mwaka 1981, unaotaka mtu aliyejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, kwa sababu ya haki, asiadhibiwe. Tangu mwaka 2022 mkataba huo umehesabiwa kuwa wa msingi, na kila nchi mwanachama inatakiwa kuheshimu kanuni zake hata kama haijauridhia.

TUFANYE NINI?

Kila tawi lililo karibu na mgodi wa chini ya ardhi, uwe unafanya kazi au umefungwa, lichukue hatua hizi:

1. Liombe kwa barua ramani ya machimbo, ikionyesha ukingo, kina na unene wa tabaka. Nakala ya barua ibaki kwa katibu wa tawi.

2. Liombe kuona vigingi vilipo, alama ya msingi ilipo, na vipimo vya tangu mwanzo. Vipimo visomwe mbele ya wafanyakazi na wakazi, kwa lugha wanayoielewa.

3. Lichague watu wawili wa kutunza daftari la nyufa la tawi. Daftari liwe na kurasa zilizotiwa namba, na kila kipimo kitiwe sahihi na wote wawili.

4. Lipeleke taarifa kwa maandishi kwa mkaguzi wa serikali, si kwa nyapara au kapitao peke yake. Neno la mdomo hupotea njiani.

5. Lidai kwamba upimaji uendelee baada ya mgodi kufungwa, na fedha za kazi hiyo ziwekwe kabla mwenye mgodi hajaondoka.

6. Likubaliane mapema na mwajiri ni dalili gani zitasimamisha kazi. Siku ya hatari si siku ya kuanza kubishana.

Wenzetu wa viwandani na mashambani wasiokuwa karibu na mgodi waanze na hatua ya tatu. Kuta zao nazo zina habari.

Ndugu, mtu mmoja akisema ardhi imeshuka ataambiwa ni mwoga. Watu mia wenye daftari la miezi sita hawaambiwi hivyo. Tupime, tuandike, tusome pamoja.

UMOJA NI NGUVU, UTENGANO NI UDHAIFU.